Gari Lililolala Chini

Nilipoliona gari lile kwa mara ya kwanza, kwenye uwanja wa kuuzia magari Mombasa, nililipenda hadi nikasahau kuuliza maswali. Lilikuwa jeusi, linang'aa, na limelala chini kiasi kwamba ukisimama mbali huoni mwanga kati ya tumbo lake na ardhi. Kijana aliyekuwa analiuza aliniambia mwenyewe, kwa majivuno, kwamba aling'oa springi za kiwandani akaweka fupi ili lishuke. Mimi ni mwalimu wa kemia. Kazi yangu ni kuwaambia watoto wa watu wasiamini kitu kabla ya kukipima. Siku hiyo sikupima chochote. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda changu nilikiendesha hadi Voi nikiimba njia nzima.

Hapo Voi halikunisumbua sana. Kutoka mtaa wa Kaloleni ninakoishi hadi shuleni ni lami karibu yote, na matuta nilijifunza kuyavuka kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, huku wenye haraka wakinipigia honi kutoka nyuma. Walimu wenzangu waliliita kiatu. Nilicheka nao, kisha nikaingia kwenye kiatu changu na kufungulia redio.

Shida ilikuwa nyumbani. Kwetu ni milimani, juu ya Wundanyi, mahali ambapo lami huishia kwenye maduka manne na baada ya hapo ni udongo mwekundu na makorongo. Kwenye kona ya mwisho kabla ya boma la mama, mwamba umetokeza katikati ya njia. Hakuna anayeuondoa kwa sababu huo ndio mlima wenyewe. Magari yaliyoinuka huupita bila neno. Langu lingekaa juu yake kama kuku anayeatamia mayai.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo nikilikumbuka nataka kujizaba kofi. Nilikuwa naegesha gari pale madukani na kumpigia mama simu ashuke. Alishuka na kikapu cha maharagwe na maparachichi, mimi nikampa sukari na unga, tukakaa ndani ya gari nusu saa milango ikiwa wazi, kisha yeye akapanda mlima na mimi nikashuka. Miaka miwili tuliishi hivyo. Mara moja aliniambia, "Si uje kwa miguu tu, ni hapo." Nikamwambia nina madaftari ya kusahihisha, nina viatu vibaya, nina hili na lile. Siku moja kulikuwa na manyunyu, naye akashuka kama kawaida, akateleza na kuvunjika nyonga. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mkuu sikulisikia mimi, lakini guu likavunjika lake.

Walimpasua wakamwekea chuma, na alipotoka hospitali nikamleta kwangu Kaloleni. Alijifunza kutembea upya na mkongojo, kwanza kutoka kitandani hadi jikoni, halafu hadi langoni. Alikula, alimeza dawa, alifanya mazoezi bila kunung'unika. Ila kila jioni aligeuza kiti chake kikaelekea upande wa milima, akakaa hapo hadi giza liingie, na mimi nilijifanya sioni. Akiniuliza atarudi lini nilimjibu karibuni.

Miezi ikapita, na siku ya kliniki daktari akasema anaweza kusafiri. Lakini akatupa masharti. Asipande bodaboda. Asikae chini sana hadi magoti yapite nyonga. Asiinue mguu kupanda mahali pa juu. Nilijaribu pikapu ya mwalimu mwenzangu, mguu wa mama haukufika kwenye ngazi. Gari langu nalo lilikuwa kinyume chake: kumtoa mle kulikuwa kama kung'oa mhogo kwenye ardhi kavu, tunamvuta watu wawili naye anauma meno. Binamu zangu wa kule mlimani wakajitolea kumbeba kwa kiti kutoka madukani. Mama alipolisikia hilo aliweka kikombe cha chai chini.

"Kwa njia ile wanaobebwa ni wawili tu," alisema. "Maiti, na mwenye anaenda kuwa maiti. Mimi nitafika mlangoni nikiwa nimekaa kwa gari ya mtoto wangu, na nitashuka mwenyewe. Kama haiwezekani, nitakaa hapa hapa."

Nilimjua. Akisema hapa hapa, ni hapa hapa. Niliingia chumbani nikakaa kitandani, nikawaza kwamba nimemvunja mguu na sasa namnyima na nyumba yake, yote kwa sababu ya gari kunipendeza macho.

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Gereji yake iko hapo hapo Kaloleni, mabati mawili na mwarubaini. Babake alitoka magharibi mwa Kenya kuja kufanya kazi ya reli, na yeye alizaliwa Voi, hana kwingine anakokuita kwao. Alilizunguka gari langu mara mbili, akainama, akalala chali kabisa kutazama chini yake, akainuka akijipangusa vumbi.

"Mwalimu, hii gari imelala. Hata paka haipiti hapa."

"Iamshe," nikamwambia.

Akanieleza kwamba wengi huingiza vipande vya raba katikati ya mizunguko ya springi, gari likapanda siku hiyo hiyo na mwenyewe akaenda zake anafurahi. "Itapanda, sikatai. Lakini itakuwa ngumu kama benchi ya kanisa, na wewe unabeba mtu ako na chuma kwa nyonga. Tutafute springi zake ndefu. Na kabla ya hiyo, nataka kuona mama."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Jioni alikuja nyumbani na kamba ya katani, akamsalimu mama kwa heshima, akamwomba akae kwenye kile kiti chake, kiti pekee alichokuwa anainuka bila kushikwa. Akapima kutoka ardhini hadi ukingo wa kiti, akafunga fundo. Halafu akatoka nje akapima kutoka ardhini hadi ukingo wa kiti cha mbele cha gari langu, mimi nikiwa nimekaa ndani, akafunga fundo jingine. Akaniwekea mafundo mawili mbele ya macho. Kati yake palikuwa na vidole vinne.

"Ndio hiyo kazi," alisema. "Vidole vinne. Tukipata hiyo, mwamba tumeupita na mama atasimama mwenyewe."

Nilisisimka hadi nikashindwa kula. Miaka yote nafundisha vipimo, na sijawahi kuona kipimo kizuri kama kile. Vidole vinne tu vilikuwa vinamtenga mama na mlango wake. Nilivipima kwenye mkono wangu mwenyewe mara kadhaa usiku ule, kana kwamba vingepungua.

Springi hazikupatikana Voi. Fundi alipiga simu huku na huku, na baada ya siku tatu akasikia kuna mtu Bomeni, kule Taveta, ana gari lililokufa injini, la ukoo mmoja na langu ila lenye mgongo mrefu wa kubebea mizigo. Springi za gari la mizigo ni ndefu na zina moyo zaidi. Jumamosi asubuhi tukaondoka, mimi na yeye, na kiatu changu. Tulipita Mwatate, tukapita Bura, tukateremka kwenye tambarare ambako ndovu huvuka wakitaka, na mimi nikivuka kila tuta kwa mshazari. Fundi alikuwa anaguna kila tumbo la gari likigusa. Tulipofika karibu na Salaita aliniambia, bila kunitazama, "Mwalimu, wewe ni mtu umesoma. Ilikuwaje ukanunua hii?" Nikamwambia aangalie mbele. Akacheka hadi akakohoa.

Mwenye gari alikuwa amekwisha kuzing'oa, zote nne, pamoja na shokabzoba zake, kwa sababu springi ndefu kwenye shokabzoba fupi ni kujidanganya. Fundi alizisimamisha kwenye saruji mbele ya duka, akaweka kando yake kipande cha fimbo alichokuwa amepimia zangu. Zilikuwa ndefu. Nilizigusa kama mtu anavyogusa kitambaa cha nguo ya harusi. Zilikuwa na kutu kidogo na harufu ya mafuta mazito, na mimi nikaona sijawahi kumiliki kitu cha maana kama zile. Nilimwachia fundi usukani, nikarudi Voi na mapaja yamejaa grisi kwa sababu nilikataa mbili kati yake zikae kwenye buti.

Siku ya kuziweka, nusu ya mtaa ilikuwa pale. Mama naye alitaka kuona, akaletwa na kiti chake akakaa chini ya mwarubaini. Fundi alipandisha gari kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo, akatoa magurudumu, na springi zile fupi zikatoka zimekakamaa. Alizitupa kando na mimi nikazipiga teke moja, ikaniumiza kidole. Kisha akaikaza springi ndefu ya kwanza kwa kibanio, mzunguko kwa mzunguko, ikawa inalalamika. "Songeni nyuma," alisema. "Hii ikitoroka inatoa mtu meno." Tukasonga. Hata mama alisogeza mkongojo. Aliipenyeza mahali pake, akafungua kibanio polepole, na ikaketi bila kelele. Watu wakaguna kwa kuridhika. Nne hizo zilimchukua hadi alasiri. Aliangalia kama mipira ya breki inafika bila kuvutika, akafunga magurudumu, akateremsha jeki.

Gari lilisimama. Sina neno jingine. Lilikuwa linatambaa tangu nilijue na sasa lilikuwa limesimama, na chini yake niliona miguu ya watu waliokuwa upande wa pili. Nilipiga vigelegele peke yangu, mwalimu mzima, na wanafunzi wawili wa kidato cha pili walikuwa pale wakinitazama.

Fundi hakushangilia. Alisema gari halipimwi likiwa na njaa, hupimwa likishiba. "Ikiwa tupu inadanganya. Nani anasafiri?" Nikamwambia ni mimi, mama, na jirani yangu ambaye humsaidia mama kuoga. "Na mizigo?" Nikamwambia ni begi dogo la mama la wiki moja, kisha namrudisha, na gunia la unga na sukari. Akatuingiza sote ndani, mama mbele, akaweka gunia la mchanga kwenye buti, akazunguka na kamba yake; fundo la kiti lilifika, na juu ya kila gurudumu vidole vinne viliingia. Mama alikaa wima akitoa amri kwa watu wa nje wasiegemee gari yake. Ndivyo alivyosema, gari yake. Kisha fundi akafungua mlango na kumwambia, "Mama, toka."

Aliweka mkongojo chini. Akaweka mguu mzima, akaleta ule wa chuma kwa mkono, akainama mbele kidogo. Akasimama. Hakuna aliyemshika. Mimi mikono nilikuwa nimeiweka nyuma kama mtoto aliyeambiwa asiguse. Alinitazama akasema tu, "Iko sawa."

Tulipeleka gari kwenye mashine ya kunyoosha magurudumu, maana likiinuliwa miguu yake hupanuka, na fundi akashusha taa zilizokuwa sasa zinamulika matawi. Jumamosi iliyofuata tukawa tayari. Nilimwachia jirani ampakie mama na mizigo, mimi nikaingia kuoga. Nilipotoka nilikuta mama keshakaa mbele amejifunga leso mpya, jirani nyuma, buti limefungwa. Niliona nyuma ya gari imeshuka kidogo. Nikajiambia ni mteremko wa pale langoni. Na kwetu mzigo wa mzee haufunguliwi na mtoto, akishafunga, amefunga. Kwa hiyo sikuangalia, mimi mwenye kufundisha watu kupima.

Safari ile niliifurahia kama mtoto. Niliyavuka matuta ya Voi moja kwa moja, bila mshazari, na hakuna aliyenipigia honi. Kutoka Mwatate barabara ilianza kujikunja na kupanda, hewa ikabadilika, na mama akafungua dirisha akatoa kiwiko nje. Alikuwa anataja kila kitu. Kijito hiki mwaka huu kina maji. Yule amejenga. Huyu amekata miti ya babake, mjinga. Sauti yake ilikuwa inapanda pamoja na gari. Tulipofika kwenye maduka manne sikusimama. Nilipita polepole makusudi, na wenye maduka wakatoka nje kuangalia gari ambalo miaka miwili lilikuwa linaishia hapo. Mama aliwapungia mkono kama mbunge.

Makorongo tuliyapita. Udongo mwekundu tuliupita. Kwenye kona ya mwisho nikauona mwamba, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikaupandia. Magurudumu ya mbele yalipita. Kisha chini yangu, upande wa nyuma, chuma kikakwaruza jiwe, na sauti ile ikanipita hadi kwenye meno. Nikarudi nyuma. Nikajaribu tena kwa upande. Ikakwaruza tena.

Nikashuka nikainama. Mbele palikuwa na nafasi ya kutosha. Nyuma gari lilikuwa limekaa kitako. Juu ya gurudumu la nyuma vidole vyangu vinne havikuingia, vilipita viwili. Nikafungua buti bila kumwomba mtu ruhusa.

Gunia la unga lilikuwepo. Chini yake na kando yake palikuwa na blanketi zake zote. Sufuria yake kubwa. Bibilia na kitabu cha nyimbo. Nguo zake zote, za kanisani na za shamba, zimefungwa kwenye shuka. Mfuko wa hospitali wenye dawa na kadi ya kliniki. Sahani anayolia. Jembe, sijui alilipata wapi. Na kile kiti chake, kimelazwa ubavu. Jirani yangu alitazama mlimani.

"Mama," nikasema, "hii ni mizigo ya wiki moja?"

"Mimi sikusema wiki moja. Wewe ndio ulisema."

Nilikasirika, sitasema uongo. Nilimuuliza nani atamwogesha, nani atampeleka kliniki, nani atamtazama usiku. Alijibu kila swali akiwa amekaa, macho mbele. Mke wa binamu yangu atamwogesha, wameshaongea. Kliniki ni mara moja kwa miezi mitatu, nitakuja kumchukua. Usiku amelala peke yake tangu baba afariki na hakuna kilichomla. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Sikukwambia kwa sababu ungesema karibuni."

Nilisimama pale na mlango wa buti mkononi. Ningeweza kugeuza. Nilikuwa na sababu iliyo wazi kabisa: gari limeshindwa, mwamba umekataa, wote wameona, twendeni Kaloleni. Hakuna mtu angenilaumu, hata yeye asingeweza. Na nilitaka. Miezi ile nilikuwa nimezoea kurudi nyumbani nikakuta mtu, nikazoea kukohoa kwake asubuhi, nikaanza hata kuamini kwamba nikimtunza vizuri deni la ule mteremko litaisha.

Nikatoa jembe. Nikatoa sufuria. Nikatoa blanketi, nguo, gunia, nikapanga kwenye nyasi kando ya njia, na kila nilichotoa gari lilipanda kidogo. Jirani naye akashuka, akasimama na mizigo. Mwisho nikatoa kiti, nikakiweka wima. Nikainama tena. Vidole vinne viliingia.

Tuliupita mwamba mimi na mama peke yetu, taratibu, bila kugusa. Nilianza kucheka na kulia kwa pamoja, na yeye akaniambia niangalie njia. Nikaegesha hatua tatu kutoka mlangoni kwake. Watu wa bomani na majirani walikuwa wametoka, binamu zangu wakaja mbio wamenyoosha mikono, naye akawainulia mkongojo wakasimama walipokuwa. Akafungua mlango mwenyewe. Akaweka mguu mzima, akaleta ule mwingine, akainama, akasimama, akaenda. Alipofika kizingitini aliushika mlango kwa kiganja chote, kama mtu anayepima joto la mtoto, kisha akaingia na kuuliza ni nani ameacha vumbi hivi.

Binamu walitaka kwenda kuchukua mizigo. Nikawakatalia. Niliibeba mwenyewe, mimi na jirani, safari nne kwa miguu kupitia njia ile ile niliyokuwa naitafutia visingizio. Kutoka mwambani ni hatua mia mbili na kitu. Nilizihesabu.

Jumamosi iliyofuata nilitoka Voi alfajiri bila kumwambia mtu, na sukari na chumvi kwenye buti. Nilipita madukani, nikapita mwamba, nikazima gari mbele ya mlango, moyo unanienda mbio kwa furaha kama mtu aliyekuja kuposa. Mlango ulikuwa na kufuli. Mke wa binamu yangu alipaza sauti kutoka shambani kwamba mama amekwenda kutembelea rafiki yake huko juu, na mkongojo wake, na hakusema atarudi saa ngapi. Aliniuliza kama ampigie simu ashuke.

Nikamwambia hapana. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango wake, nikamsubiri.